Marehemu Mama Salome na Pete Waliyoiita Hirizi

Ndugu waombolezaji, marehemu Anastasia Optatus, Mama Salome, alizaliwa Makote, Newala, tarehe 3 Machi 1949. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kwaya ilimpokea angali binti, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Mwaka 1967 alifunga ndoa na Erasto, kijana wa Chiungutwa, wakahamia hapa Tandahimba, wakalima mikorosho na mihogo. Walijaliwa watoto saba. Kitinda mimba, Dorika, alizaliwa 1984 kwa uchungu wa siku mbili. Arobaini haijaisha, mashine ya maji ikaharibika, marehemu akajitwika ndoo kutoka bondeni. Ndipo kizazi kikashuka. Naam, tunalitaja hapa makaburini, maana tangu jana limetajwa vibaya kuliko hivi.

Miaka tisa alijifunga kitambaa cha kukizuia, akanyamaza, kwani unyagoni alifundwa kwamba ya ndani hayasemwi. Aliacha kwaya, maana akiimba kwa nguvu kizazi kilitoka. Watu wakasema anaringa! Mwaka 1993, wanunuzi binafsi walipokuja kugombea korosho, Baba Salome alimpandisha lori la mmoja wao hadi hospitali, Masasi.

Muuguzi Dorothy alimwambia, "Mama, misuli imelegea kwa uzazi na mizigo. Hukulaaniwa." Akamwekea pete ya mpira ya kushikilia kizazi, akamfundisha kukaza misuli kama anayezuia mkojo, na kurudi kila baada ya miezi mitatu pete isafishwe. Upasuaji nao upo, kwa anayeuhitaji. Marehemu alirudi kwaya akicheka: "Kumbe ugonjwa tu! Mie nilijua nimerogwa."

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1996, alianguka akiokota korosho, presha ikamchukua kabla ya kufika hospitali. Hatuamini hadi sasa. Asubuhi ile alikuwa akimtania mumewe.

Hatujakaa sawa, tukapigwa na butwaa tena. Waliomwosha waliiona pete, mmoja akapiga yowe, "Hirizi! Kumbe mchawi!" akaitupa nje. Jamani! Kufika jioni, Tandahimba nzima wanajua. Bibi Pili, mama yake mzazi, aliitafuta mchangani, akaiosha, akamrudishia mwanawe ndani ya sanda. Anazikwa nayo.

Ameacha mume, watoto saba, mama mzazi, na wanawake mliosimama hapa mmejifunga vitambaa, wala hatuwatafuti kwa macho. Muuguzi Dorothy amekaa pale na wanakwaya. Mfuateni leo, msingoje miaka tisa.

Apumzike kwa amani Mama Salome, na huko aliko aimbe kwa nguvu zake zote.