Mashine Zirudi Chumba cha Mbele

Ingieni wote, fungeni mlango, na wewe Justa zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na milio yake. Kaka Gasper, kaa hapo kwenye kiti, karibu yangu; wewe ndiye mjomba wao, na huku kwetu neno la mama likisemwa mbele ya mjomba ndilo linaloshika, ingawa leo hata na wewe nina maneno. Dastani, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Huruma, niinue kidogo kwa mto. Hapo hapo, mwanangu, panatosha.

Wanangu, mimi ninakwenda. Daktari aliwaita pembeni akawaambia, akadhani bibi kizee kitandani amelala, na mimi nilisikia kila neno, wala sikuogopa, maana baba yenu Edson alitangulia na wazazi wangu walitangulia, na mimi si jiwe la mlimani nibaki peke yangu. Kilichonivunja moyo si hicho. Ni siku ile mliyonirudisha kutoka hospitali, bajaji ikasimama hapo nje, nami nikakaa kwanza ndani yake nikisikiliza, nikingoja ile kelele ya overloki, mashine ya kupiga pindo, niliyoizoea, nisisikie kitu. Nikamuuliza Huruma, "Kwani leo umeme umekatika?" Mtoto akainamisha kichwa, akasema, "Hapana, Mama. Umeme upo." Nikaingizwa ndani nimeshikwa huku na huku, nikakuta chumba cha mbele kimebaki na cherehani moja tu, ile ya kukanyaga, na sakafuni vumbi limechora mahali meza za mashine nyingine zilipokuwa zimesimama. Jamani! Mmenirithi nikiwa hai.

Usilie, Justa, sijamaliza. Uliniambia mlihofia wezi. Mwizi gani, mwanangu, aliyewahi kuthubutu kuingia kwenye chumba ambacho nusu ya Masasi ni wateja wake? Na wewe kaka yangu, nimesikia ulivyowaambia siku mlipokaa kikao: gawaneni mapema, msije mkagombana juu ya kaburi. Ulisema kwa nia njema, najua, maana uliona kwa ndugu zetu wa Chidya walivyogombea bati na milango hata arobaini haijafika. Lakini, kaka, ukanizika ninapumua. Ungekuja hospitali ukaniuliza, ningekujibu. Ulimi wangu haukulazwa. Nimeumia, wala sitaifunika hiyo kwa adabu.

Sasa sikieni chumba kile kilivyopata uhai. Nilianza na hiyo cherehani ya kukanyaga, nimekaa barazani, nikitia viraka suruali za watu. Mikorosho niliyoachiwa na mama yangu kule Newala ndiyo ikanunua overloki, na baada ya misimu mingi mingine ndiyo ikaja mashine ya matundu ya vifungo, na baba yenu akauza baiskeli yake kuongezea, akawa anakwenda kanisani kwa miguu huku akijigamba kwamba mkewe ni kiwanda. Mwaka wa huku nikausoma. Korosho zikiuzwa mnadani, kila mtu ana fedha na kila mtu anataka nguo leo leo. Shule zikifunguliwa, wazazi wanalilia sare. Likizo ya jando na unyago ikifika, lazima mwali atoke na nguo mpya na shangazi zake wapendeze kwa kitenge kimoja. Halafu mvua zinashika, na hakuna anayebisha hodi. Mafundi wengine masika wanalala. Mimi masika ndipo nilipokuwa ninashona sare na kuzikunja ndani ya mifuko, mkanicheka, mkasema Mama anashonea mizimu. Januari ilipofika, nani alikuwa anacheka?

Mnamkumbuka yule dada wa mafunzo, Sia, aliyetukusanya sisi wenye biashara ndogo kwenye ukumbi kule sokoni, akataja mpango mkakati mara nyingi mpaka muuza vitumbua mmoja akauliza kama huo nao unalika na chai? Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini yule binti alikuwa na akili na mengi aliyosema yamenifaa. Alituuliza baada ya miaka mitano tunajiona wapi. Nikasema, "Mimi najiona kaburini, mwanangu, ila mlango wa chumba cha mbele nauona uko wazi." Ukumbi ukaangua kicheko, yeye hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Na nani atakuwa ameufungua, Mama Justa?" Nililibeba swali lile mpaka nyumbani, nikala nalo, nikalala nalo.

Jibu langu mlikuwa ninyi. Nikasema, nikimfundisha mmoja kila kitu, huyo atawafukuza wenzake. Nikiwafundisha wote kila kitu, kila mmoja ataondoka akafungue kibanda chake. Basi nikampa kila mtu kipande. Justa nikakupa mkasi na overloki, ukawa unashuka kutoka Newala kila wiki. Dastani nikakupa vifungo, ukawa unakuja na basi la asubuhi kutoka Nanganga. Huruma, uliyebaki nyumbani, nikakupa cherehani. Nikafurahi moyoni, nikasema hapa hakuna anayeweza kutoka na shati zima peke yake, kwa hiyo watakaa pamoja hata wakinuniana, na kweli mlinuniana, lakini mashati yalitoka.

Sikuona shimo lililokuwa mbele yangu. Huku kwetu kitu huchukua jina la anayekitumia, na sisi tukazoea kusema overloki ya Justa, mashine ya Dastani, cherehani ya Huruma. Mteja akija anaambiwa ngoja, iko kwa Justa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo mchana kutwa, kwa mapenzi kabisa. Ndiyo maana kikao kilipokaa hamkugombana hata kidogo. Kila mmoja aliona anachukua chake. Mngegombana ingekuwa nafuu, mngechelewa, nami ningewakuta. Kamba niliyodhani nimewafungia ndiyo iliyowaonyesha pa kukatia, na hilo, wanangu, ndilo linaloniliza nikiangalia ukuta.

Na mmepata nini? Justa, overloki yako, tazama, nimesema tena yako! Hiyo overloki iko sebuleni kwako Newala, umeitandika kitambaa cha kufuma na juu umeweka televisheni. Dastani, mashine ya vifungo iko ndani ya gunia Nanganga, kwa sababu hakuna mtu wa huko anayekuja na shati lisilo na matundu, na nasikia umeshaanza kuitafutia mnunuzi ili ununue pikipiki. Mwambie huyo mnunuzi mama yako hajafa. Huku Huruma anashona peke yake, mashati anayatuma kwa basi kwenda Nanganga kutobolewa matundu siku ukikumbuka kufungua gunia, yanarudi baada ya wiki, mengine hayarudi; na sare zimeanza kufumuka pindo, mpaka mwalimu mkuu amekuja mwenyewe, mstaafu mtarajiwa na heshima zake, akaniamkia, akasema samahani Mama, mwaka huu tutashona kwingine. Nilimwambia hakuna neno. Alipotoka niligeukia ukutani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ninyi mna fimbo tatu, kila moja kwenye wilaya yake na kichaka chake.

Kaka, najua unataka kuniambia maji yakimwagika hayazoleki. Hayo ni maji. Mashine hupakiwa kwenye basi zikarudi.

Nipe maji kidogo, Huruma. Kidogo tu.

Haya. Mikorosho ya Newala ni ya kikeni, ilitoka kwa mama yangu, iende kwa Justa na Huruma. Dastani, wewe chukua kiwanja alichonunua baba yenu, usinung'unike, ni kizuri. Nyumba hii isiuzwe. Deni sina, wala hakuna ninayemdai, na yule jirani tuliyekoseana juu ya mfereji wa maji ya mvua mwambieni nimemsamehe, ingawa mfereji ulikuwa wangu.

Mashine zote si za mtu. Ni za chumba. Kesho, basi la kwanza, overloki ishuke na vifungo vije, na tangu hapo nisisikie tena ya fulani wala ya fulani. Mpango wangu naugeuza leo mbele ya mjomba wenu: Justa, mfundishe Huruma mkasi, Dastani, mfundishe Justa vifungo, Huruma, mkalishe kaka yako kwenye cherehani hata akilalamika magoti. Kila mkono ujue kazi ya mwenzake, ili mmoja akifa au akinuna, mlango usifungwe. Anayetaka kutoka apewe sehemu yake ya faida aende kwa amani, lakini mashine haitoki. Kaka Gasper, hiyo ndiyo kazi yako; ulisimamia kugawa, sasa simamia kurudisha. Na siku za matanga zikiisha mfungue chumba, msikae mkitazamana.

Kuna jambo moja zaidi. Sogeeni, sauti inaniishia.

Chini ya kitanda kuna sanduku, na ndani yake kitambaa cha popolini nyeupe, nilikinunua mwenyewe bado nina nguvu. Ni cha gauni langu la kuzikiwa. Msininunulie la dukani. Nimewavisha watu maisha yangu yote, siwezi kwenda nimevaa kazi ya mtu nisiyemjua. Liwe refu, mikono mirefu, vifungo kuanzia shingoni mpaka kiunoni, matundu yake yatobolewe sawasawa, na pindo zote zipigwe overloki, hata za ndani zisizoonekana. Mnaona wenyewe, hakuna kati yenu anayeweza kulimaliza peke yake nyumbani kwake. Lishoneni hapo chumba cha mbele, wote watatu, mimi nikiwa bado nasikia. Msiposhona, nitazikwa na hii khanga niliyolalia, nanyi mtaitazama ikishuka kaburini.

Wanangu, nimewakasirikia kwa sababu nawapenda, na moyo uliovunjika bado ni wenu. Mungu awape wateja wenye subira na mikono isiyotetemeka. Mkikosana leo, kesho muwe mmechoka kukosana. Watoto wenu wawapokee kazi wakiwa wanacheka. Dastani, njoo nikushike kichwa... Huruma, na wewe... Nimewabariki. Kaka, umesikia.

Justa. Wewe ndiye mkataji. Lete futi, unipime.

Anza mabegani... polepole, mfupa unauma. Sasa kifua. Pitisha mkono kwa nyuma, usinionee haya, hata wewe nilikupima hivi ukiwa mchanga. Namba umeiona. Isome, nisikie.

Loo... nimebaki hivyo?

Hapana, mwanangu, usiongeze inchi. Najua unataka kunirudishia mwili wangu. Futa machozi, yataharibu kitambaa... Andika hiyo hiyo.