Kikoa cha Watano: Maisha ya Dk. Sosthenes Mabruki Songoro wa Mkunazini

Baba Padri, ndugu na jamaa, majirani wa uchochoro wetu wa Mkunazini, Waislamu kwa Wakristo, mliokuwa nasi tangu alfajiri, viongozi wa chuo, na nyinyi wahadhiri mliopewa viti vya mbele chini ya turubai, familia ya Songoro imemtuma Felista, dada mkubwa wa marehemu na mwalimu mstaafu, asome historia hii, na marehemu mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, aliagiza isiandikwe na mtu wa chuo na asipambwe, kwa hiyo atakayeona maneno ni makali ajue kuwa mwenyewe ndiye aliyeyataka.

Marehemu Sosthenes alizaliwa Mbweni tarehe 4 Machi 1965, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Mabruki Songoro, seremala wa milango, na Bi Agnes, aliyekuwa akishona nguo za kanisani, na tangu udogoni alikuwa mwepesi wa kusoma na mwepesi zaidi wa kujisifu, mtoto anayeweza kukusimulia kitabu ambacho hajakifungua, na wewe ukamwamini, jambo lililokuwa likimchekesha sana baba yetu, na ambalo leo halichekeshi.

Alianza skuli mwaka 1972, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1985, kisha, baada ya kufundisha miaka kadhaa, akavuka bahari na kusoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, aliyoimaliza mwaka 1998, na ya uzamili mwaka 2002, na hatimaye akapata shahada ya uzamivu katika elimu tarehe 14 Novemba 2010, siku ambayo mama yetu, ambaye tayari alikuwa haoni vizuri, alilipapasa joho lake kuanzia mabegani hadi chini, akasema, "Sasa mwanangu nshakuona."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu Makunduchi, kuanzia Februari 1986 hadi Disemba 1994, na huko, tuseme haki yake, alifanya utafiti wa kweli, kwani aliwakalisha watoto mmoja mmoja mbele yake, akawasikiliza wakisoma, akaandika wanakwama wapi na kwa nini, miaka mitatu mfululizo, bila ya kutumwa na mtu, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1996 ikiwa na jina lake peke yake, haikumpandisha cheo, haikusomwa, lakini wapo watu wazima Makunduchi wanaosoma gazeti leo kwa sababu yake, na wawili kati yao wamekuja kumzika.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Leonia tarehe 27 Disemba 1993, kanisani hapa Mkunazini, wakajaaliwa watoto wawili, Editha, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1996 na sasa ni muuguzi Dar es Salaam, na Hilari, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 2001, na alikuwa baba mpole, mcheshi mezani, asiyepiga mtoto, ila asiyekubali hata siku moja kwamba mtu aliye chini yake kwa vyeti anaweza kujua jambo asilolijua yeye.

Mwaka 2003 aliajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja, ambacho familia imeona kisitajwe jina, kwa kuwa kimeleta shada kubwa la maua na hatutaki kukosa adabu, na hapo chuoni alikuta kwamba mtu hapandi cheo kwa kufundisha vizuri, anapanda kwa wingi wa makala, hata ikafika mwaka 2013 vijana aliowafundisha yeye mwenyewe walikuwa wakimwita mkutanoni kwa jina tupu, naye anarudi nyumbani hali chakula, anamwambia mkewe, "Leonia, n'tastaafu hivi hivi, kama chaki iliyobaki."

Ndipo mwaka 2014 alipokaribishwa katika kikoa. Kikoa sote tunakijua, leo tunakula kwangu, kesho kwako, na hakuna anayemuuliza mwenzake samaki kamtoa wapi, basi wahadhiri watano wa chuo hicho, Dk. Wakil wa kompyuta, Dk. Fathiya wa utawala wa afya, Dk. Muhiddin wa baiolojia, Mbarouk wa menejimenti, ambaye sasa ni profesa, na marehemu wetu wa elimu, walikula kikoa cha makala, kila mmoja kwa zamu yake anaandika moja, wengine wanne wanatia majina yao bila ya kuisoma, inapelekwa kwenye jarida moja la ng'ambo linalochanganya elimu, kompyuta, afya, baiolojia na menejimenti katika toleo moja, na jarida linaichapisha kama ilivyo, bila ya kugusa hata nukta, kwa hiyo marehemu, ambaye hadi mwisho alikuwa akimwita Hilari amfungulie barua pepe, akawa mtaalamu wa usalama wa mitandao, wa chanjo, wa samaki wa miambani na wa uendeshaji wa hoteli.

Zamu yake ya kwanza ilipofika, marehemu aliandika kuhusu wanafunzi mia tatu wa Kendwa ambao wazazi wao wanafanya kazi mahotelini, na ukweli ni kwamba Kendwa alikwenda, akaogelea, akala pweza, akarudi, na majibu ya wanafunzi wote mia tatu akayajaza mwenyewe kwenye meza ya kulia, akibadilisha kalamu na mkono ili miandiko isifanane, huku Bi Leonia akimpelekea chai na kumpa pole ya kazi. Familia haisemi haya kwa kumsengenya, aliyasema yeye mwenyewe kitandani, na alisema pia kwamba kwa miaka yote hiyo aliamini kitu kimoja, kwamba mwongo katika wale watano ni yeye peke yake, kwamba wenzake wanapika makala kwa vyungu na moto, yeye tu ndiye anayepika maji matupu, na haya aliyokuwa akiona mbele yao ilikuwa ndiyo haya yake kubwa kuliko zote.

Marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari tarehe 6 Machi 2017, akaanza vidonge, na mwaka 2021 akaanza sindano, ambazo alizichukia kama mtoto. Mnamo Agosti 2023 ilikuwa zamu ya Dk. Muhiddin, naye akaandika kuwa unga wa mwani, kijiko asubuhi na kijiko jioni, umewashushia sukari wagonjwa arubaini wa Jambiani hata wakaacha sindano wakabaki wazima, na marehemu, ambaye jina lake limo humo la tatu, hiyo aliisoma, kwa kuwa ilimhusu, akaisoma mara ya pili kwa sauti, na mwezi wa Januari 2024 akaziacha sindano. Binti yake Editha alipanda boti siku ile ile aliyopata habari, akateremka bandarini Malindi, akaja akapiga magoti mbele ya baba yake, na marehemu akamwambia, "Wewe una shahada moja, mwanangu, hapa tumetia jina watu watano."

Siku ya Pasaka ya mwaka huo Dk. Muhiddin alikuja kula nyumbani, akamuona mwenzake anakoroga unga kwenye bilauri, akamuuliza ni nini, akaambiwa, akaambiwa na kwamba sindano zimeachwa, na Bi Leonia, aliyekuwa anapakua wali, anakumbuka kuwa mgeni aliitazama bilauri, akasema, "Mashallah, kaka, umenawiri," akaomba aongezwe mchuzi. Mwezi uliofuata kamati ya chuo ilikuwa ikae kumjadili Dk. Muhiddin kwa cheo, na ile makala ya mwani ndiyo iliyokuwa juu ya makala zote alizoipelekea kamati.

Mwezi wa Februari 2025 marehemu aliumwa na kiatu kwenye kidole, kidonda kikakataa kupona, kikapanda, akalazwa, na tarehe 11 Juni 2025 mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Tarehe 20 Juni ikaja barua ya chuo kumfanya Profesa Mshiriki, ikaletwa wodini na wenzake wote wanne, pamoja na keki ya sukari juu na ndani, kwa mgonjwa wa kisukari, na kabla ya kupigwa picha Profesa Mbarouk aliuvuta upindo wa shuka akaufunika mguu uliobaki na usiokuwepo, ili picha itoke vizuri, na picha hiyo ndiyo waliyoibandika mlangoni kwetu tangu juzi.

Mwezi wa Agosti, Dk. Muhiddin alipokuja peke yake kumtazama, marehemu alimuuliza mbele ya dada yake anayesoma hapa, kwa upole, kama anayeuliza njia, "Muhiddin, wale wagonjwa wako arubaini wa Jambiani, wako wapi?" na Dk. Muhiddin akamjibu, "Na wale wanafunzi wako mia tatu wa Kendwa, wako wapi?" kisha mgeni akavaa viatu akaondoka, na marehemu akageuka upande wa ukuta. Alilia, tuseme kama ilivyokuwa, alilia mpaka foronya ikabadilishwa, na hakuwa analilia mguu.

Hapa inabidi tumseme marehemu mwenyewe, kwani tangu mwaka jana, wakati akijiona mzima, alikuwa ameusifu unga ule kila alipopita, kanisani, barazani, sokoni, na wa kwanza kushauriwa naye alikuwa jirani yetu Bi Mwatum, mjane, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, mama aliyetunyonyeshea watoto wetu wakati mama zao wako kazini, na marehemu alimwambia, "Achana na sindano, Bi Mwatum, nimeandika mimi mwenyewe," naye akaziacha siku ile ile. Bi Mwatum huyo alimpelekea uji hospitali karibu kila siku, na hata baada ya Agosti, marehemu akiwa anajua yote, alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia, "Unga wako nnaunywa, mwanangu, sisahau," na marehemu akijibu, "Ahsante, mama," anakunywa uji, ananyamaza, kama alivyonyamaziwa yeye kwenye meza yake. Sisi tulidhani mama huyu alikwisha acha tangu alipoona mguu umekatwa. Tarehe 7 Novemba ndipo marehemu alipomwambia dada yake kuwa Bi Mwatum bado anaunywa unga, na kwamba yeye hakuweza kumwambia ukweli, na dada yake, ambaye hakuwahi kumtukana tangu utotoni, siku ile alimtukana, naye akasema tu, "Angenitazama, Felista. Mwambieni nikishakufa."

Marehemu Dk. Sosthenes Mabruki Songoro alifariki tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini, na ameacha mjane, watoto wawili, dada wawili, na makala sitini na mbili, ambazo mwenyewe alisema moja tu ni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira mtu aliyekuwa akiwasahihisha, inawashukuru majirani kwa maji, majamvi, vyakula na kukesha nasi, inamshukuru Bi Mwatum kwa uji, na inawashukuru wenzake wanne wa kazini kwa keki, kwa picha, na kwa kuja mapema wakapata viti vya mbele.

Limebaki jambo moja. Jana dada yake marehemu alikwenda kwa Bi Mwatum, akamwambia kila kitu tulichokisoma hapa, akambembeleza arudi kwenye sindano, na Bi Mwatum akamkumbatia, akamwambia, "Pole, Felista, msiba umekuchanganya, ule unga wameuandika wasomi watano," na kwamba hatauacha mpaka asikie kwa mmoja wa walioandika. Yuko pale, kwenye jamvi la wanawake, mwenye kanga ya buluu, na kwenye kisigino cha kushoto amefunga kitambaa ambacho juzi hakikuwepo. Waandishi walikuwa watano, mmoja amelala ndani ya sanduku hili na hawezi tena kusema, wanne wako viti vya mbele, wazima, na maneno yanayotakiwa si mengi, ni kusimama, kumtazama mama huyu na kumwambia kuwa wagonjwa wa Jambiani hawakuwepo. Wachukuzi wa jeneza tumewaomba wakae kwanza, na Baba Padri ameridhia.

Utapumzika kwa amani, Sosthenes, ila subiri kidogo, mdogo wangu, bado tunamngoja mwenzako mmoja asimame.