Mzee Matone Aziaga Seli za Hidrojeni

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, fundi umeme wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jalada lake lina barua moja tu ya onyo. Barua hiyo imemnyima cheo mara mbili, na mimi mtunza stoo, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, siwezi kuiruka.

Alianza na jenereta ya dizeli, iliyokuwa ikikohoa moshi hadi wodini. Miaka kumi na minne iliyopita ikaondolewa, zikaja seli za hidrojeni, naye akazisomea utu uzimani, miwani puani, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake.

Wauguzi walipouliza umeme unatoka wapi ikiwa hakuna kinachowaka, hakuchoka kueleza. Hidrojeni huingia upande mmoja, hewa upande wa pili, katikati kuna utando. Utando hupitisha protoni za hidrojeni na kuzizuia elektroni zake, kama bawabu anayeruhusu wageni na kukataa mizigo. Elektroni hulazimika kuzunguka kwa waya, na mzunguko huo ndio umeme. Ng'ambo hukutana tena, zikaungana na oksijeni, yakawa maji. Kila asubuhi aliziwasha seli kwa majaribio, akayakinga maji hayo kwenye jagi na kuyapima, maana yakipungua kuna kasoro. Ndipo tukamwita Mzee Matone.

Miaka tisa iliyopita umeme wa mji ulikatika mchana. Seli zilishika kazi dakika ishirini, kisha zikazimika. Maji yalikosa pa kutokea, yakajaa ndani, hewa ikashindwa kufika kwenye utando. Bibi mmoja aliyekuwa akipumua kwa mashine alifariki kabla mitungi ya oksijeni haijamfikia. Binti yake ndiye dobi wetu. Tangu siku ile hajamsalimu Mzee Matone.

Mzee aliiambia kamati kwamba kukagua bomba la maji ni kazi yake, na siku ile hakulikagua vizuri. Hakusema alichokikuta ndani ya bomba. Lilikuwa tambara la stoo. Maji yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye maboksi yangu ya glavu, nikaliziba bomba asubuhi ile baada ya yeye kupima, nikasahau. Aliniletea tambara limefuliwa, akaniambia maji yakinikera tena nimwite. Mke wangu alikuwa mjamzito na mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Nilinyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea. Naona aibu.

Jana nimekabidhi maelezo yangu kwa mganga mkuu, nikaomba onyo lile litolewe kwenye jalada lake. Yatakayonipata ni halali yangu.

Mzee Matone, asante kwa miaka yote. Nenda kapumzike, uishi vyema na wajukuu. Na wewe dada yetu dobi, Ijumaa mpe mkono. Aliyestahili kunyimwa salamu zako ni mimi.