Watu Wanne Wasioogopa Kitu

Ukishuka Igoma usiulize kijiwe chetu kiko wapi. Fuata harufu ya risasi ya kulehemu inayochomwa. Nje ya kibanda cha Masalu, fundi redio tunayemwita Waya, kuna benchi la ubao uliong'olewa ubavuni mwa lori la pamba, na hapo ndipo tunapokaa sisi ambao soko huria lilipofunguliwa lilitukuta hatuna cha kuuza. Waya hukaa mlangoni, bisibisi sikioni. Ponsian, Mhaya wa Muleba aliyekuwa karani wa ushirika, tunamwita Nshomile, yaani "nimesoma" kwa Kihaya, maana hata akiomba chumvi anaanza na historia ya shule alizosoma. Mzee Mhoja ni Mizani: miaka ishirini na miwili alipima pamba kwenye kinu kile cha bondeni, hadi mwaka juzi kilipofungwa na wote wakapewa barua za kupunguzwa. Chenge ndiye mwenye birika la kahawa, na ukimtoa Waya ndiye peke yake kati yetu mwenye kazi. Mimi wananiita Digrii, na wanalitamka kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Jumamosi moja ya mwaka huu wa tisini na nne nilifika saa mbili asubuhi, shati limepigwa pasi.

Waya: Aisee, Digrii kanyoa! Nani kafa?

— Hajafa mtu. Shikamoo mzee.

Mizani: Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Sikai. Nina shida na nyinyi, wote wanne.

Nshomile: Shida ya graduate haiji bila fomu. Lete tuzione.

Nikazitoa. Karatasi nne, na kalamu nne nilizoazima kwa majirani. Nikawaeleza taratibu, maana sikutaka kukosea. Kule Pasiansi kuna kituo cha vijana, na pale kuna Mdenishi wa kujitolea ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akiwachezesha vijana mchezo wa kutisha wa mezani. Kesho anarudi kwao. Anatafuta mtu wa kumwachia mchezo pamoja na kazi, kazi yenyewe ndogo, Jumamosi kwa Jumamosi, lakini ina barua na barua ina muhuri. Sharti lake ni moja: leo saa nne niwe mbele yake na watu wanne wa kubuni, walioandikwa na wachezaji wanne, kila mstari umejazwa. Waliotoka Buswelu jana amewarudisha kwa mstari mmoja tu uliobaki wazi.

— Nimeomba kazi mara sitini na moja tangu nitoke chuo, nikasema. Mara sitini na moja, we regret to inform you. Hii siiachii. I am not leaving this bench bila karatasi nne.

Chenge: Mchezo wa mezani ndiyo nini? Bao?

— Hapana. Kila mmoja anabuni mtu wake. Jina, kazi, uwezo, anachokiogopa. Mimi ndiye msimulizi. Nawaingiza mahali pabaya, nawaambia mnaona nini, nyinyi mnaniambia watu wenu wanafanya nini. Wakijaribu jambo gumu, dadu inaamua.

Nikaweka dadu juu ya benchi. Ina pande ishirini. Waya akaiokota kwa koleo.

Waya: Hii siyo dadu, mshikaji. Hii ni ya mganga. Heri mganga wa kwetu anapasua kuku, unajua kapasua kuku.

Nshomile: Acha ushamba. Mahali pabaya penyewe ni wapi? Ulaya, kwenye majumba ya mawe?

— Hapana. Nimebuni mwenyewe. Ni kinu cha pamba kilichofungwa. Milango ina kufuli, umeme umekatwa, lakini ukiweka sikio kwenye bati unasikia mashine zinazunguka.

Mizani akashusha kikombe.

Mizani: Kile chetu?

— Kinachofanana nacho, mzee.

Mzee akakiacha kikombe chini. Wote wanajua kwamba tangu apewe barua hapiti njia ya bondeni. Akienda sokoni huzungukia juu, kwenye vumbi, nusu saa zaidi.

Nikagawa karatasi. Kila mtu ana pointi sitini, azigawe mwenyewe: nguvu, akili, ujasiri, bahati. Kwa dakika kumi kijiwe kilikuwa kimya kama chumba cha mtihani, na kama kwenye mtihani, Waya akawa anachungulia ya Nshomile.

Nshomile ndiye aliyemaliza kwanza. Akasimama kusoma.

Nshomile: Jina, Profesa Kashaija. Elimu, shahada tatu, mbili za ng'ambo. Wadhamini: Askofu, Mkuu wa Wilaya, na mimi mwenyewe. Akili, sitini.

— Na nguvu?

Nshomile: Sifuri. Nguvu za nini? Waswahili wamesema, mchumia juani hulia kivulini. Profesa wangu anabaki kivulini moja kwa moja.

— Nshomile, mlango wa kinu ni wa chuma. Mtu mwenye nguvu sifuri hawezi hata kuusukuma.

Nshomile: Atauandikia barua.

Waya mtu wake ni fundi, anaitwa Shigela, na nilipojumlisha pointi zake nikapata themanini.

Waya: Ishirini nimevuta kwa jirani. Kwani umeme wa hapa kibandani nimeupataje?

Chenge mtu wake, kwenye mstari wa kazi kamwandikia "hana". Pointi zote sitini kazitia kwenye bahati.

Chenge: Nchi hii, ndugu yangu, akili utaipeleka wapi? Si wewe hapo tunakuona?

Nilitaka kumjibu kwa Kiingereza kinachouma. Nikameza. Nilihitaji karatasi yake.

Ya Mizani ilikuwa safi kama leja. Nguvu kumi na tano, akili kumi na tano, ujasiri kumi na tano, bahati kumi na tano. Jina la mtu wake: Mpimaji.

Kisha nikashuka hadi mstari wa mwisho, ule uliowarudisha watu wa Buswelu, na damu ikanipanda. Anaogopa nini? Profesa Kashaija: haogopi kitu. Shigela: haogopi kitu. Wa Chenge: hakuna. Mpimaji: kistari kimoja, kimenyooshwa kwa rula ya macho.

— Nyinyi watu! Mstari huu ndio mchezo wenyewe! Mtu asiyeogopa, mimi nitamtisha na nini? No fear, no game. Mdenishi atanirudishia hizi usoni. Jazeni.

Hakuna aliyeshika kalamu.

Waya: Digrii, ngoja nikuulize kwa upole. Jina langu na hofu yangu, vyote kwenye karatasi moja, halafu karatasi niitoe?

— Si jina lako. Ni Shigela!

Waya: Mwandiko ni wa nani? Binamu yangu kule Magu aliandika kwenye insha ya shule kwamba anaogopa paka. Insha tu, ya Kiswahili. Wiki hiyohiyo akaamka paka kalala kifuani kwake, mweusi, na nyumba ilikuwa imefungwa kwa ndani. Hadi leo anapiga chafya.

Chenge: Hata hospitali wanakuuliza unaumwa nini. Umewahi kusikia daktari anakuuliza unaogopa nini? Anajua ni siri ya mtu na Mungu wake. Adui akishaijua hahitaji dawa ya gharama, anakuja nayo hiyohiyo.

Nshomile: Nyinyi mnaongelea paka. Waitu, ndugu zangu, hamjui siasa! Hebu jiulizeni, karatasi hizi zinakwenda wapi? Zinapanda ndege kesho na Mdenishi. Zinafika kwa wale wakubwa wa mikopo. Wanakaa mezani, wanasoma: Mtanzania wa Mwanza anaogopa moja, mbili, tatu. Mwezi unaofuata mnaona sharti jipya la mkopo, limetoka palepale mlipoandika. Mnadhani walijuaje kwamba tunaogopa kupunguzwa kazini? Mtu alijaza fomu!

Waya: Kasheshe! Na dadu ile nasema ina sumaku. Nitaifungua niwaonyeshe.

— Usiiguse! Nshomile, wewe umesoma, sema na watu wako. Hofu si yako. Ni ya mtu wa kubuni.

Nshomile: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

— Inahusu nini hapa?

Nshomile: Ndiyo uitafakari.

Saa ya Waya, ile ya ukutani isiyo na kioo, ilikuwa inakaribia saa tatu. Nikawageukia mmoja mmoja. Nikawaambia niliyoyajua: kwamba tunakaa hapa kila siku tukimlaumu kila mtu kuanzia Dar hadi Washington, kwamba imekuja kazi moja, moja tu, imekuja Igoma kwa miguu yake, na wao wananinyima mstari mmoja kila mtu. Sikulia. Ila sauti ilinikatika, na nikawachukia kwa kuisikia.

Mizani akanitazama.

Mizani: Mwanangu, usikasirike. Huyu Mpimaji nimembuni mimi. Hofu yake itatoka wapi kama haitoki kwangu?

Nikazipanga upya zile karatasi juu ya benchi. Miaka mitatu ya chuo kikuu, na swali hilo hawakunifundisha.

Hapo ndipo alipofika Adventina, mama anayekaanga mapanki, mifupa ya sangara, njia panda. Alikuja kuchukua redio yake, mikono bado inanuka samaki. Akatuamkia, akazitazama karatasi.

Adventina: Mnaandikisha kura?

Waya: Tunabuni watu. Wanaingia kwenye kinu cha pamba kilichofungwa, ndani giza, mashine zinazunguka zenyewe.

Adventina: Wanaingia kufuata nini?

Tukatazamana.

Waya: Nyaya za shaba.

Adventina: Nyaya si mliziiba zote mwaka jana?

Nshomile: Utafiti. Profesa anafanya utafiti.

Adventina: Utafiti aufanyie nje. Wewe, Digrii, wenye mchezo wanasemaje? Nani kawatuma?

— Hawajatumwa. Ni wachunguzi.

Adventina: Wameajiriwa na nani?

— Hawajaajiriwa.

Adventina: Sasa mtu hajatumwa, hajaajiriwa, anasikia mashine zinanguruma gizani, si aende kwake akalale? Wanafuata nini humo ndani?

Kitabu cha Mdenishi kina kurasa mia mbili na sikukumbuka mahali palipoandikwa hilo. Chenge akainua birika, akalitikisa, akaliweka. Waya akaanza kufunga redio kwa kamba, polepole mno kwa kazi ya dakika moja. Hata Nshomile alikosa methali.

Mizani ndiye aliyenyoosha mkono na kuichukua tena karatasi yake. Aliandika muda mrefu, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia. Kisha akanipa, na alipoona nasita akanisomea mwenyewe, sauti ileile ya kutaja kilo.

Mizani: Mpimaji anaogopa kuingia akute mashine zinakwenda vizuri. Mizani ipo mahali pake, mtu mwingine anapima, na hakuna aliyeuliza yule wa zamani yuko wapi.

Adventina akakaa kwenye ncha ya benchi, redio mapajani.

Adventina: Na anaingia kufuata nini, baba?

Mizani: Hiyo hiyo. Kuangalia kama ni kweli.

Halafu akanigeukia mimi.

Mizani: Sasa sikiliza. Hawa wanakataa kwa haki. Mtu hatoi hofu yake bure kama kipeperushi. Kwetu ukimpa mtu siri, naye anakupa yake, basi mmefungana, hakuna wa kumdhuru mwenzake. Wewe unaondoka na zetu nne mfukoni. Yako iko wapi?

— Mimi msimulizi, mzee. Msimulizi hana karatasi.

Waya: Ndiyo hapo sasa!

Mizani: Andika yako, tubaki nayo. Hawa watajaza.

Waya akachana ukurasa kwenye daftari lake la redio zilizoharibika, akanipa. Chenge akasema ndiyo, kwa masharti hayo atajaza. Nshomile akasema subject to that condition, na yeye hana pingamizi. Wakageuziana migongo, kila mmoja kaziba karatasi kwa mkono, wakaandika. Nilisikia kalamu zao. Walimaliza wote watatu, wakazikunja mara nne, wakazishikilia magotini wakiningojea.

Mimi nilikuwa bado naangalia ukurasa.

Nilifikiria kuandika njaa. Nilifikiria kuandika kuzeeka kwenye benchi hili, jambo ambalo wangelipokea kwa kicheko na mambo yangeisha. Saa ya Waya ikafika saa tatu na dakika ishirini. Kutoka Igoma hadi Pasiansi ni mwendo, na Mizani alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akiwatazama wakulima waliotia mawe katikati ya magunia ya pamba.

Ndipo nikaandika, haraka, kabla sijatafuta neno zuri zaidi:

Naogopa wakinikubali. Nikishindwa hapo, sitakuwa na mtu wa kumlaumu.

Nikampa mzee. Alisoma bila kutikisa hata unyusi, akaupitisha kwa Waya, Waya kwa Chenge, Chenge kwa Nshomile, na hakuna aliyenitania. Nshomile ndiye aliyeurudisha kwa Mizani, naye akautia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Mizani: Imetimia uzito. Wape mwenzenu karatasi zake.

Wakanipa.

Adventina: Nenda basi, mwanangu, umekaa nini?

Nikachukua dadu mikononi mwa Waya, nikaenda.