Lehemu ya Mkwe Wangu

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Wewe kifungua mimba, zima hiyo simu. Na wewe binti yangu, acha kunifunikafunika, joto lote hili. Mkwe wangu, toka huko mlangoni, leo hukai pembeni. Kaa hapa kitandani, upande wa miguu yangu, maana maneno haya ni yako kuliko ya hawa niliowazaa, na kwa aibu niliyo nayo, nikikutazama usoni sitayamaliza.

Jumamosi mlinisikia nikisema kwamba nikiondoka, karakana yangu ya redio ifungwe, vifaa viuzwe, kwa sababu nyumba hii haina mtu mwenye mkono wa kazi ile. Mkaitikia wote. Wewe kifungua mimba ukamwita seremala, aje kesho kupima shelfu za duka lako kwenye chumba kile. Sikulaumu, ulifuata neno la mama yako. Neno hilo leo nalifuta, wala msije mkasema bibi kizee kachanganyikiwa. Nililisema nikijua kabisa kuwa ni uongo, na mtu niliyekuwa namdhulumu alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, akasema, “Sawa, mama,” akainuka kwenda kuniletea maji ya kunywa.

Mnakumbuka alivyoingia humu. Mumewe, kifungua mimba wangu huyu, anauza sabuni na sukari, yeye jioni anajifungia jikoni na vitaa vyake vya kumetameta na kengele za mlango, anajiundia tu kwa kujifurahisha. Siku ya kwanza alipoomba nimwonyeshe kulehemu aliikamata pasi ya kulehemu upande wa moto, loo, tulicheka hadi machozi, naye akacheka huku kidole kiko kwenye kikombe cha maji. Nikamfundisha kama ninavyowafundisha wote wanaoanza. Fungua dirisha kwanza, moshi ule si wa kuvuta. Safisha ncha ya pasi kwenye sponji yenye maji, ipake lehemu kidogo mpaka ing'ae. Kisha iguse mguu wa kifaa na shaba ya bodi ya redio kwa pamoja, pale vinapoungana, vyote viwili vipate moto, ndipo ulete waya wa lehemu, na uulete kwenye kiungo, si kwenye pasi. Kiungo kilichopata moto kitaivuta lehemu chenyewe. Ondoa waya, ondoa pasi, tulia. Usitikise, na usipulize kama mtu anayepoza chai. Ukimaliza nenda kanawe mikono kabla hujashika chakula, maana lehemu ina madini ya risasi ndani yake, ni sumu.

Na yule anayeyeyushia lehemu kwenye ncha ya pasi, akaja nayo kuipaka kwenye kiungo kama siagi kwenye mkate, huyo nilikuwa namwondoa mezani papo hapo. Mnaujua mdomo wangu. Ndani ya waya ule mna dawa ya kushikisha, na ukiubeba namna hiyo dawa inaungua njiani. Kwa macho utaona kimeungana, ukikigusa kinaachia.

Basi mimi, mnayeniita Mama Redio, ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Tangu ugonjwa huu ulipoupooza mkono wangu wa kushoto siwezi kushika waya na pasi kwa wakati mmoja, na macho nayo hayaoni tena kama kiungo kinang'aa au kimefifia. Ningesema, jamani. Mngenisaidia. Lakini mimi na kiburi changu tukafunga mlango, nikawa nabeba lehemu kwa pasi, napakapaka, nafunika redio za watu, najipongeza kwamba bado nipo.

Mchana mmoja, mlipodhani nimelala, nikasikia harufu ya lehemu. Nikajiuliza ni nani huyo anachoma na mimi nipo kitandani. Nikajikokota kwa kushika ukuta mpaka mlango wa karakana. Nikamwona mkwe wangu ameifungua redio ya yule mwalimu wa kwaya, niliyoimaliza asubuhi ile, ana kijiti cha meno mkononi, anavisukuma viungo vyangu kimoja kimoja. Vilikuwa vinang'oka kama meno ya mtoto, isipokuwa kimoja alichokisukuma akakiacha. Anakwangua, anasafisha, anachoma upya, taratibu kama nilivyomfundisha. Mikono haina haraka, haitetemeki, na wala uso wake haukuwa na dharau, jambo lililonichoma kuliko kama angekuwa ananicheka.

Nikarudi kitandani. Jioni mwalimu akaja, akaiwasha redio yake, akafurahi, akasema, “Mkono wa Mama Redio haujazeeka!” Nikajibu asante. Mkwe wangu amesimama pale ameshika sinia, nami nikajibu asante, nikajinyoosha na shingo juu. Ee Mungu wangu. Na Jumamosi ndiyo nikaja kusema hakuna mwenye mkono. Niliona heri karakana ife kuliko watu wajue ni nani aliyekuwa akiibeba. Mzazi gani anafanya hivyo?

Jana nilimwita peke yake nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, “Ningeanzaje, mama?” Nikamuuliza tena, mbona kwenye redio ya mwalimu kiungo kimoja hukukichoma upya? Akasema, “Hicho kilikuwa kimeshika.” Basi nililia, na yeye akajifanya anatafuta dawa zangu kabatini ili nisione aibu ya kulia mbele yake.

Kwa hiyo sikilizeni, na mshike. Nyumba ni yenu nyote, msigombane kwa ajili ya vyumba. Cherehani ni ya binti yangu, na vitenge vilivyo sandukuni. Karakana, meza yake, pasi zote, mita ya kupimia umeme na kila kopo la skrubu, ni vya mkwe wangu. Ni vyake yeye mwenyewe, si kwa sababu ni mke wa mtu. Mwanangu, hata mkija kuachana, Mungu apishe mbali, hutaingia mle kuhesabu kitu. Usininunie, nakuona. Seremala akija kesho mwambie akapime kwingine.

Yule fundi simu wa ng'ambo ya barabara, niliyemtukana mbele ya wateja aliposema kazi yangu imelegea, nendeni mkamwambie alisema kweli. Mwalimu wa kwaya naye aambiwe. Ukamwambie wewe, kifungua mimba, kwa kinywa chako, kwamba redio yake ilitengenezwa na mke wako. Na wanaoanza wakija kujifunza, mkwe wangu, wapokee. Wataunguza vidole, wataharibu bodi. Usiwe na mdomo kama wangu.

Nipe maji... Basi, yametosha.

Pumzi inakatika, nifupishe. Nyinyi wawili, radhi zangu mnazo. Mlinitunza, mlinivumilia, Mungu awafungulie njia, watoto wenu wawaheshimu kama... kama mlivyoniheshimu mimi. Imekwisha hiyo.

Wewe, siwezi. Wewe nitakupaje radhi, na mimi ndiye mwenye kosa? Hebu niinueni kidogo, nimwone. Weka mto hapo. Haya. Mnasikia wote? Nilikula sifa yako mchana kweupe, nikataka kukunyima na meza ya kufanyia kazi. Niwie radhi, fundi. Usilie, nijibu. Jibu kwa sauti, wenzako wasikie... Karibia, sijakusikia. Sema tena.