Nyundo Aliyeomba Radhi kwa Maini

"Hamisha hiyo spika yako, mama! Nyama yangu inaogopa!"

"Nyama imeshakufa, haiogopi kitu. Anayeogopa ni wewe."

"Mimi? Niogope nini?"

"Mdomo wako mwenyewe! Mwaka nenda mwaka rudi tunasali kanisa moja, tunagawana ukuta mmoja, sijawahi kukusikia ukimtaja Yesu hata kwa bahati mbaya. Mdomo umepewa wa kunywea chai tu?"

"Na wewe masikio umepewa ya kuning'inizia hereni tu? Nimesema wateja hawasikiani!"

Wasikilizaji wapendwa, huo ulikuwa ugomvi wa Ijumaa asubuhi, mbele ya bucha la sokoni. Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye foleni nasubiri mifupa ya supu, na sikatai, nilisogea karibu nisikie vizuri. Mwenye bucha ndiye tunayemkumbuka leo. Watu wote walimwita Nyundo. Mwenye spika ni jirani yake, Mama Spika, muuza vitambaa, ambaye kila asubuhi kabla hajafungua duka hupanda juu ya kreti la soda akahubiri mpaka koo likauke.

Kesho yake, Jumamosi mchana, Nyundo aliuawa. Narudia kwa waliofungulia redio sasa hivi. Nyundo, muuza nyama wetu, aliuawa Jumamosi mchana, akimkinga mtu aliyekuwa anapigwa na umati.

Tuanze na hilo jina. Hakupewa kwa ajili ya kupasua mifupa buchani. Alikuja nalo. Ujanani alikuwa baunsa, anapigana kwa kulipwa, na siku zisizo na malipo alipigana bure. Mdogo wake aliniambia, "Kaka akiingia baa, wenye akili walikuwa wanamaliza vinywaji kwa mafunda makubwa." Alivunja pua. Alivunja mbavu. Kuna mtu Nyundo alimrusha juu ya kaunta, yule mtu akatokea upande wa pili na chupa imemwingia begani.

Na kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, kijana mwenzake, mtu wa utani mwingi. Siku moja fundi huyo alikataa kumpisha kiti. Ndiyo kosa lenyewe, kiti. Nyundo alimpiga ngumi moja, halafu akamshika kisogo akambamiza uso kwenye ukingo wa meza. Meno ya mbele yote yakaenda. Yaliokotwa sakafuni pamoja na vifuniko vya bia. Mwenye baa akamwaga mchanga juu ya damu, muziki ukaendelea. Hakukuwa na kesi. Taya la yule fundi liliunga likiwa limepinda, na tangu siku hiyo watu wakamwita Pengo. Ni jina la utani wa kikatili, lakini mnajua mitaani. Likishakukaa, hata mama yako analitumia. Nakuombeni mlishike jina hilo. Pengo, fundi baiskeli.

Nyundo aliokokaje? Mkewe, Mama Pacha, alipokuwa ananisimulia alicheka katikati ya machozi. "Aliingia kanisani kujificha," alisema. "Watu walikuwa wanamfukuza na mapanga. Wakaishia mlangoni, wakaona haya. Yeye akakaa benchi la nyuma anahema. Jumapili iliyofuata akarudi. Safari hii hakuna aliyemfukuza."

Akaacha pombe. Akaacha ngumi. Akafungua bucha. Lakini kushuhudia, hapana. Mchungaji alimbembeleza asimame mbele aeleze alivyobadilika. Nyundo akamjibu, "Mchungaji, nikisimama pale, nusu ya ukumbi watashika mashavu. Nikisema nimeokoka, watu wataanza kuhesabu meno waliyopoteza. Acha wanione tu."

Na kweli, tulimwona. Mlevi mmoja alikuja akatema mate kwenye paja la ng'ombe lililoning'inia, makusudi, kumjaribu. Foleni nzima tukarudi nyuma hatua moja. Nyundo alikuwa na kisu mkononi, kile kirefu cha kuchunia. Alikata kile kipande chenye mate, akawatupia paka, akauliza, "Nani anafuata?" Jasho lilikuwa linamtiririka. Hakusema "Bwana asifiwe", hakusema "nakusamehe". Aliuliza tu nani anafuata.

Mama Spika jambo hilo lilikuwa linamchoma. "Shemeji," alikuwa anamwambia, maana amemzoea mkewe kama dada, "watu wanadhani umezeeka tu. Wanadhani nguvu zimekwisha. Nani atajua ni Mungu?" Nyundo anajibu, "Mungu mwenyewe anajua." Mama Spika anapandisha sauti ya spika. Nyundo anawasha mashine ya kukatia mifupa. Yaani ibada na mifupa pamoja, kelele moja tu, na sisi katikati tunapiga kelele za "nusu kilo!"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni hapa. Kila Jumamosi, kabla hajamhudumia mteja yeyote, Nyundo alikuwa anatenga maini. Yale laini kabisa, anayachambua mishipa kwa ncha ya kisu, anayafunga. Mama Pacha alimuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya mtu niliyemharibia mdomo."

"Umeshamwambia samahani?"

"Namwambia kila Jumamosi."

"Kwa maneno?"

"Kwa maini."

Alikuwa anavuka barabara, anaweka kifurushi juu ya meza ya Pengo, katikati ya spana na minyororo ya baiskeli, anageuka anaondoka. Hasemi salamu. Hamtazami usoni. Aliona haya, ndivyo mkewe anavyoamini. Na wanaume wa pale gereji, mnajua wanaume wasio na kazi walivyo, walikuwa wanapasuka kwa kicheko. "Pengo, chakula cha mtoto kimefika! Pengo, mwenyewe kakuletea, anakumbuka kazi yake!"

Dada yake Pengo, mshonaji, alinieleza maneno haya wiki hii. Nayasema kama alivyoyasema. "Kaka yangu alikuwa anajua anachekwa. Wiki kwa wiki, mbele za watu. Siku nyingine anampa mbwa. Siku nyingine anakula, na akila analia. Nikamwambia, labda yule mtu anataka kupatana. Akasema, mtu anayetaka kupatana ana ulimi, dada."

Hayo yote yalikwenda hivyo kwa miaka. Mmoja anaomba radhi. Mwenzake anatukanwa. Kifurushi ni kilekile.

Jumamosi ile, jua liko utosini, soko limefurika. Mwanamke akapiga yowe kwamba mkoba wake umechukuliwa. Mpagazi mmoja alikuwa anakimbia na gunia la vitunguu mgongoni, anawahi gari. Kukimbia kwake ndiko kulikomponza. "Mwizi!" Kofi la kwanza, la pili. Wakamwangusha. Mateke ya tumbo, mateke ya uso. Vitunguu vikamwagika, watu wanavikanyaga wakifuata kumpiga. Mtu akamwangushia tofali kwenye mkono, mfupa ukalia, wanaosema waliusikia hawasemi uongo. Tairi likaletwa linabingirishwa. Mwingine akatumwa mafuta ya taa. Mkoba, wapendwa, ulikutwa baadaye kwenye meza ya muuza viatu, mwenyewe aliusahau akijaribu ndala.

Nyundo alitoka buchani na aproni yake ina damu ya ng'ombe. Kisu alikiacha kwenye gogo. Walioshuhudia wanakubaliana hapo. Kisu alikiacha. Akapasua umati kwa mabega, akajilaza juu ya yule mpagazi, akamfunika mwili mzima.

Mikono ikasimama hewani. Wote wanamfahamu. Muuza viatu anaapa kwamba neno moja lingetosha. Hata "jamani, tafuteni mkoba kwanza" lingetosha. Nyundo hakusema kitu. Alikuwa ameshazoea kwamba mwili wake unasema.

Sauti moja nyuma ikauliza, "Kwani ni nduguye?" Nyingine ikajibu, "Wanagawana hao! Bucha limejengwa kwa pesa gani?" Basi. Jiwe likampiga mgongoni. Ubao wenye misumari ukashuka, ukapanda, ukashuka. Aproni ikawa na damu mbili, huwezi kutofautisha. Na hapo Pengo akavuka barabara na bomba la chuma la fremu ya baiskeli.

Alisema maneno mawili. "Leo cheka!"

Akampiga nyuma ya sikio. Akarudia.

Ndipo Mama Spika akapanda kreti. Safari hii hakuhubiri. Hakutaja moto wala mbingu. Alianza kuwataja watu, mmoja mmoja. "Wewe kinyozi wa kona, nakuona, weka hilo jiwe chini! Wewe fundi cherehani, mkeo anajifungua mwezi huu, mtoto utampokea kwa mikono ipi? Wewe mwenye shati la njano, nilikuuzia hilo shati mimi mwenyewe! Muuza mkaa, mama yako yuko nyuma yako, geuka!" Kila aliyetajwa alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Mawe yakaanza kuanguka chini. Aliyetumwa mafuta ya taa alirudi akakuta watu wanatazama miguu yao, akaficha chupa ndani ya koti.

Mpagazi yuko hai. Mkono umefungwa, jicho moja bado halijafunguka, lakini yuko hai. Nyundo alikata roho kwenye gari kabla ya kufika hospitali.

Pengo hakukimbia. Alikaa juu ya magunia mpaka polisi wakaja, akasema yeye ndiye. Kesi iko mahakamani na mimi si hakimu, naishia hapo. Lakini mkewe Nyundo alipoelezwa kituoni kwa nini, kwamba ni kwa sababu ya maini, alikaa sakafuni. Aliniambia, "Mume wangu ameuawa kwa samahani yake mwenyewe. Nilimwambia afungue mdomo. Nilimwambia."

Msibani, mkijua jinsi ninavyopenda nyumba iliyojaa watu, nilikaa kila pembe. Waumini waligawanyika. Mzee wa kanisa anasema, "Yule mgongo wake umehubiri kuliko sisi wote wenye vipaza sauti." Mwanakwaya anamkatiza, "Umemhubiria nani, mzee? Pengo amesikia nini?" "Mpagazi amesikia!" "Mpagazi aliokolewa na spika!" Mpaka ikabidi mama mkwe wa Mama Pacha, mama mzazi wa Nyundo, agonge sufuria wanyamaze, marehemu yuko ndani.

Nilidhani Mama Spika atajisifu. Nilimngojea, nasema kweli. Alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vikombe, hajapaka hata wanja. Nikamwambia, mama, si ulikuwa unamwambia siku zote? Hakuinua uso. "Nimehubiria soko miaka yote hiyo," alisema. "Kinyozi nilikuwa sijawahi kuzungumza naye. Siku ile ndiyo mara ya kwanza." Akaendelea kuosha.

Kwa hiyo, wapendwa, sitawaamulia kama Mkristo aseme au atende. Nawauliza dogo tu, la nyumbani kwako. Yule unayemtendea wema bila kumwambia kwa nini, anaujua kuwa ni wema? Na yule unayempigia kelele kila siku, umewahi kumuuliza ameamkaje? Kaa na hilo leo ukiwa unakula, ukiwa njiani, ukiwa kitandani.

Kwako Mama Pacha, kwa mabinti zako mapacha, kwa mama mkwe na mdogo wa marehemu, poleni sana. Kwa mpagazi na mama yake, poleni. Mungu amlaze Nyundo mahali pema, na awape nyinyi nguvu za kusimama.

Namalizia na nilichokiona mchana wa mazishi, tumetoka makaburini, sufuria zimeteremshwa. Dada yake Pengo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, khanga kichwani, hasogei wala haondoki. Vijana wakamwona. Mmoja akaokota mguu wa kiti uliovunjika. Mwingine akasema kwa sauti, "Amekuja kuhesabu waliobaki?" Kiatu kikarushwa, kikamgonga begani. Hakuinama. Mama Spika akainuka haraka, akanyoosha mkono kwenye spika yake.

Mama Pacha akamzuia. "Iache. Hili ni langu."

Akavuka barabara peku. Tulidhani anakwenda kumpiga, na wapo waliomfuata ili wamsaidie. Akasimama mbele yake, akaongea kwa sauti ya kufika mpaka jikoni.

"Dada, nasema kwa mdomo wangu, watu wote wasikie, na wewe usije ukanielewa vibaya. Kaka yako ameniulia mume. Inaniuma, na itaniuma. Mahakama itafanya kazi yake, sitaizuia. Lakini na mume wangu alimvunja kaka yako, akafa hajamwambia samahani. Namsemea mimi. Samahani. Na wewe binafsi sina neno na wewe. Sikutanii, sikupimi, sina lingine moyoni."

Yule dada akajibu, "Nilikuja kutoa pole tu. Niliogopa kuingia."

"Pole nimeipokea. Umekula?"

"Tangu jana, hapana."

Mama Pacha akageuka, akamtazama yule kijana mpaka mguu wa kiti ukawekwa chini. Kisha akamshika mgeni mkono.

"Ingia ule. Utakaa kando ya mama mkwe wangu. Ingia dada, chakula kinapoa."