Sifuri ya Jumatatu

Karani wa kiwanda cha ngozi alikuwa akijaza fomu ya serikali mapajani, treni ikimtikisia penseli. Penye "sumu iliyomwagwa mtoni" aliandika sifuri.

"Sifuri, mwanangu?" alimaka mama mfua nguo aliyeketi kando yake. "Na hii mikono imebabuliwa na nini, sabuni?"

"Mama, tunapima kila Jumatatu asubuhi. Ndio utaratibu."

"Jamani! Jumatatu asubuhi bomba lenu huwa kavu. Ndiyo siku pekee ninayofua bila kuungua, lakini nafua kila siku, maana wanangu wanakula siku zote saba!"

Fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo, kwa hiyo karani akaendelea kujaza.

Treni ikasimama. "Kesho Jumanne," mama alisema, akijitwika furushi. "Njoo mtoni na chupa yako ya kupimia maji."

Karani akafuta sifuri, akaacha pengo, akaikunja fomu.